Visiki vya Heri

Panga lilishuka kwa mshazari, shubiri moja kutoka ardhini, na mti wa mkasia ukalala. Fatuma akauvuta kando, akahamia mti unaofuata. Alikuwa katikati ya mstari wa pili.

Heri, marehemu mumewe, ndiye aliyemfundisha: kata chini, kata kwa mteremko, maji yasilale juu ya kisiki. Alipewa mbegu za mkasia na agronomu, bwana shamba Mbelgiji wa Kabambare, mwaka wa 1949. Huyo alimwambia kuwa mti huu hutoa kuni, ukikatwa, hutoa tena. Heri alikufa kabla ya kuona. Sasa kuni za kuchemshia mawese zilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka kijijini kwao, Wamaza.

Assumani, mdogo wa Heri, akafika na majembe mawili begani.

"Shemeji, umenyoa shamba kama kichwa cha mutoto."

"Kichwa kinaota nywele."

"Kichwa iko hai. Visiki hivi vimekufa. Kapita anataka pamba hapa. Tuving'oe kabla ya mvua."

Hakusema kwa ubaya; kapita, msimamizi wa pamba kijijini, ndiye aliyeamuru. Jembe la pili alilibeba ili amsaidie.

Mstari wa kwanza Fatuma aliukata siku ishirini zilizopita, akavifunika visiki vyake kwa majani makavu. Tangu hapo hakwenda kutazama. Kama vimekufa, basi kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe ameimaliza kwa panga lake mwenyewe.

"Anza na ule wa kwanza," akasema. "Ukiwa umekufa, tung'oe yote."

Assumani akasukuma majani kwa jembe, kisha akaacha jembe, akapiga magoti. Kwenye gamba la kisiki, machipukizi yalikuwa yamepasua njia, mekundu kidogo, mengine mafupi kama ukucha. Mvua haikunyesha miezi miwili. Vumbi lilikuwa la moto.

"Yanakunywa wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Fatuma aliinama juu ya chipukizi moja. Aliweka kidole, akakitoa upesi, kama mtu aliyegusa utosi wa mtoto mchanga.

Assumani akaenda kwa magoti mpaka mwisho wa mstari, akifunua kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimechipua.

"Na kapita?" Fatuma akauliza.

"Nitamuleta. Naye apige magoti."

Assumani akachukua panga ili amalizie mstari wa pili. Jua lilikuwa limeinama, na miti mitano ilibaki.

"Hapana, shemeji," Fatuma akasema. "Mwanga ukipungua, mteremko unakosewa. Mitano hii, kesho."