Ubeti wa Tatu

Komisere Evariste aliweka kidole juu ya neno moja katika kaye, lile daftari la nyimbo, akakiacha hapo.

"Soma, Mwalimu."

Concilie alikuwa amesimama mbele ya meza. Kiti cha wageni kilikuwa na bunduki.

"Ingoma," alisoma.

"Yote."

"Ingoma yacu iravuga."

"Maana yake?"

"Ngoma yetu inalia, Komisere. Ngoma ya kucheza."

Evariste alicheka kidogo, akamgeukia Antoine, mkurugenzi wa shule, aliyekaa ukingoni mwa benchi, kofia magotini. "Direktere, unasikia? Iko ananifundisha Kirundi. Minye mama yangu aliuzisha muhogo kule Luvungi na Barundi, miaka na miaka." Akarudi kwa Concilie. "Ingoma ni ngoma. Lakini ingoma ni ufalme vilevile. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi batoto ya Kasenga banaimba kama ufalme wao unasema. Ufalme gani? Ule wa mwami wa Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi?"

"Komisere, kwenye ubeti ule wanapiga miguu chini, vumbi linatoka. Hakuna anayefikiria ufalme."

"Minye nimefikiria," alisema Evariste.

Sauti ya wimbo huo haikuwa ya Concilie. Ilitoka kwenye redio ya Léopoldville, ikapitia gitaa la Félicien, seremala aliyetengeneza madawati ya shule na kupiga muziki Jumamosi katika baa moja ya Kilibula. Watoto walikuwa wakiivumisha bombani wakisubiri maji. Mwaka ulipoanza, darasa lake lilikaa mafungu mafungu, kila fungu na lugha yake na matusi yake kwa wenzao. Concilie akachukua ile sauti, akatunga beti nne: Kifuliiru, Kivira, Kirundi, Lingala. Kiitikio kikawa cha Kiswahili. Sharti lilikuwa moja: huimbi ubeti wa kwenu mpaka umejua wa jirani yako.

Mwezi wa tano wapiganaji waasi waliingia Uvira na komisere wao Evariste, askari wa serikali wakakimbia, na Lingala ikawa lugha ya askari waliokimbia. Antoine mwenyewe ndiye aliyeuchana ukurasa wa ubeti wa nne. "Ni karatasi moja tu, mwanangu," alisema siku ile.

"Weye ulizaliwa wapi?" Evariste aliuliza.

"Mutarule."

"Baba yako?"

"Mutarule. Alilima pale."

"Na baba yake?"

"Alilima palepale, upande huuhuu wa Ruzizi."

"Basi itakuwa rahisi kwako. Siku ya Mungu, ku kiwanja cha mpira, batoto baimbe bila ubeti huu. Kama unatoka, weye utavuka Ruzizi siku ileile. Utaenda kufundisha huko ku ingoma yako."

Concilie aliitazama baiskeli iliyoegemezwa nje ya mlango. Ilikuwa ya Mwalimu Habonimana, wa darasa la nne, aliyeambiwa avuke wiki iliyopita. Kengele yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mwekundu, kama alivyoifunga mwenyewe. Sasa mpiganaji mmoja alikuwa akiipangusa matope.

"Sawa, Komisere," alisema.

Darasani aliwaeleza kwamba baada ya ubeti wa pili gitaa litalia peke yake. Wao wafunge midomo, wasubiri kiitikio.

Generose, msichana Murundi wa Mutarule aliyekaa kwa shangazi yake ili asome, alinyoosha mkono. "Mwalimu, tulikosa nini?"

"Hamkukosa."

"Mbona basi banatoa wa kwetu?"

"Wa kwenu?" Geneviève aliruka kwenye dawati la mbele. Baba yake alikuwa katekista, Mfuliiru wa hapohapo Kasenga. "Minye nilipiga magoti sababu ya ile 'yacu'! Nilisema 'yaku' siku tatu. Ni yangu vilevile."

Darasa zima lilicheka. Concilie aligeukia ubao, akaufuta ingawa haukuwa na kitu.

Jumapili kiwanja kilijaa baada ya misa. Evariste aliketi kwenye kiti kilichotolewa kanisani, Antoine nyuma yake. Félicien aliweka mguu juu ya kreti la bia, akaanza. Watoto waliimba ubeti wa kwanza, wakaimba wa pili, na akina mama pembeni wakaanza kutikisa mabega. Kisha gitaa likabaki peke yake.

Midomo haikutoa sauti. Lakini mahali penye neno ngoma miguu ilipiga chini yote pamoja, vumbi likapanda, na Concilie akaona midomo inacheza. Ilitengeneza kila neno kimya, kama ya mtu anayesali.

Evariste alisimama. Alipita polepole mbele ya mstari wa kwanza, akiinama kutazama midomo. Akapita mstari wa pili. Mwisho akainua mkono, na gitaa likakoma.

Alisimama mbele ya Geneviève, mstari wa tatu. "Weye ni muntu wa wapi?"

"Wa hapa Kasenga."

"Kabila?"

"Mufuliiru."

"Na ulikuwa unasema nini na mdomo?"

"Ubeti wa tatu, Komisere. Kimya, vile banatuambia." Alijinyoosha, kama siku ya mtihani. "Tunaujua sisi bote. Hata Étienne, na yeye ni Muvira, na kichwa yake ni ngumu."

Mwanamke mmoja aliangua kicheko, akakikata katikati. Evariste hakucheka. Alitazama ile mistari, nyuso zote hamsini, sare ileile, vumbi lilelile miguuni.

"Mwalimu."

"Ndiyo, Komisere."

"Umefuata amri. Sitasema hukufuata. Lakini umewavuruga batoto, sasa muntu hajulikani." Aliongea taratibu, karibu kwa upole. "Tenganisha. Wale Barundi ya kweli bakuje upande huu. Weye ndiye unabajua."

Kwenye mlingoti wa goli yule mpiganaji alikuwa ameishika ile baiskeli. Antoine alikuja karibu, akanong'ona bila kumtazama, "Onyesha tu, mwanangu. Ni wanane tu. Wao watavuka, weye utabaki na darasa lako."

Concilie alimwona Generose, mstari wa tatu, karibu na Geneviève bega kwa bega. Walikuwa wanamtazama yeye, si komisere. Wote walikuwa wanamtazama.

Mkono wake wa kuume ulianza kupanda. Haukuwa umefika hata begani, na kidole kilikuwa hakijachagua pa kwenda, wakati watoto, ambao mwaka mzima mkono ule ndio uliowaanzishia wimbo, walisimama wima na kuvuta pumzi kwa pamoja, na Félicien, kwa mazoea, akarudisha vidole juu ya nyuzi.