Oili Nyepesi

Oili ilitoka nyeusi na nzito kama uji wa ulezi, ikaning'inia kwenye mdomo wa shokapu ya mbele ya pikipiki kana kwamba haitaki kuondoka. Nilikaa kwenye kigoda nikiisubiri. Mjomba Gidudu, fundi wa pikipiki, alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Nabifo, hiyo niliimimina kwa mkono wangu."

"Najua, mjomba."

"Sasa unaimwaga nikikuangalia."

Huku kwetu, kwenye miteremko ya mlima Masaba, kila fundi humimina oili nzito ya giaboksi kwenye shokapu za mbele ziwe ngumu, na springi za nyuma hukazwa hadi mwisho. Pikipiki ni ya kubeba kahawa na ndizi. Ikilegea, mzigo unakulaza kwenye kona. Hakuna aliyewahi kuuliza. Hata hiyo niliyokuwa nikiifungua, aliyotuachia marehemu baba, iliyonizidi umri, ilikuwa ngumu kama benchi la kanisa.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, mama alianguka shambani akavunjika nyonga. Kule hospitali ya Mbale walimtia vyuma, wakasema arudi kila Alhamisi kufanyishwa mazoezi, la sivyo hatatembea tena. Gari halifiki kwetu. Nilimpeleka kwa pikipiki mara moja tu. Kila jiwe lilimpiga, naye hakulia; aliuma leso yake tu. Tuliporudi alisema, "Mwanangu, heri nikae." Akageukia ukuta.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini kutazama najua. Siku tatu nilikaa kwenye kona ya chini nikitazama pikipiki. Zikishuka na magunia, zilipita juu ya mawe zikiinama taratibu. Zikipanda tupu, zilirukaruka kama mbuzi. Na mama, jinsi alivyokonda, hakufika nusu gunia la kahawa. Pikipiki haikujua hata kama imebeba mtu.

"Ukiilainisha, hubebi ndizi tena," mjomba alisema. "Mtakula nini?"

"Nitazibeba kichwani mpaka atembee."

"Shingo ikipinda usije hapa. Mimi nanyoosha vyuma tu."

Lakini aliingia ndani, akarudi na chupa ya oili nyepesi na bomba kubwa la sindano. "Pima. Mguu huu wa shokapu na huu sawasawa, ama itakuvuta upande."

Nilihesabu mabomba saba kila upande. Nikalegeza springi za nyuma, nikaegemea usukani. Ikazama, ikapanda polepole, kama mtu aliyelala akivuta pumzi.

Miaka minne imepita, na bado wapo wanaoniletea pikipiki wakitaka "ile ya wagonjwa". Siku ile nilikuwa na mgonjwa mmoja tu, na kumshawishi kulichukua muda mrefu kuliko kubadilisha oili.

Alhamisi alipanda leso ikiwa tayari mdomoni. Kwenye mawe ya kwanza, mkono wake ulinibana tumbo. Kwenye ya pili, ukalegea. Karibu na daraja nikasikia akimsalimia mtu njiani, tena akamuuliza habari za ng'ombe wake.

Hospitalini, muuguzi alimuuliza kama wiki ijayo atakuja au atapotea tena. Mama alikuwa amesimama katikati ya vyuma vya kushikilia, jasho likimtiririka, mguu mmoja mbele.

"Muulize dereva wangu," alisema, akasogeza wa pili.