Dawa Mbili za Mzee Abdulhamid

Mzee Abdulhamid alinadi samaki soko la Feri miaka thelathini, na sauti yake ilikuwa haihitaji spika. Sasa alikuwa kalazwa hospitali, wadudu wamemshambulia valvu ya moyo, na kila siku anachomwa dawa mbili za kuwaua. Aliyemuuguza ni Ummy, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa amefunga duka lake la vitenge Kariakoo. Mumewe Hamis kila siku alikuwa na mzigo wa kupokea bandarini.

"Dawa hizi zikifanya kazi pamoja zina nguvu sana," nesi Severa aliwaeleza mapema. "Lakini zikikutana mwilini zinaweza kuumiza figo. Mkojo wote uingie kwenye chupa hii yenye mistari, upimwe, uandikwe. Hata tone lisipotee."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

Kila asubuhi Ummy alipofika kutoka nyumbani Mchafukoge alikuta chupa imeshaoshwa, na karatasini kuna mwandiko wa mkwewe: mililita 1500. Kesho yake 1500. Keshokutwa 1500. Mwanzoni alimshukuru Mungu. Siku ya nne alianza kutilia shaka. Hata bomba la pale nyumbani halitoi maji sawasawa kila siku!

Siku ya tano Daktari Hillary alikuja na majibu ya damu, uso ameukunja.

"Damu inasema figo zimeanza kuchoka. Karatasi inasema mkojo ni mwingi. Kimojawapo kinadanganya, na damu haijui kuandika."

Ummy akamgeukia mgonjwa. "Baba, huu mkojo unaukojoa au unauandika?"

Mzee akatazama ukutani.

"Baba!"

"Namwaga chooni," akasema kwa sauti ndogo. "Wewe mke wa mwanangu. Nikukabidhi chupa uibebe koridoni watu wakitazama? Bora nife."

"Basi utakufa kweli! Unatoka kiasi gani?"

"Tangu juzi ni kidogo. Kama kikombe cha kahawa, kutwa nzima."

Ummy alihisi kichwa kinataka kupasuka. Mtu aliyesimama mbele ya umati akitukanana na wachuuzi kwa ajili ya nguru mmoja, leo haya zimemshika hadi anataka kwenda nazo kaburini! Alitoka nje kabla hajasema neno la kujutia, akampigia Hamis.

"Niko bandarini, mke wangu, mzigo huu..."

"Mzigo wako uko kitanda namba saba. Njoo umpimie baba yako mkojo. Na usiniambie habari za foleni."

Siku ileile daktari alisimamisha dawa moja, ile inayozielemea figo zaidi, na nyingine akaipunguza. Hamis alikuja, akaishika chupa kama kashika nyoka, lakini aliandika alichokiona: 200. Halafu 350. Zikapita siku mbili za kutisha ambazo namba haikupanda kabisa. Ndipo ikaja 700, na baada ya siku kumi damu nayo ikakubali kwamba figo zimerudi. Moyo ulibaki na wiki nne za sindano mbele yake.

Mchana mmoja, Hamis akiwa ametoka, mzee alimtazama Ummy muda mrefu.

"Bado umenikasirikia, mwanangu?"

"Ndiyo, baba," Ummy akajibu, akimsogezea bilauri. "Kunywa maji."