Mchukuzi wa Vitako vya Maskani

Asubuhi ile kule Risa, wingu lililowaongoza jangwani lilipoinuka juu ya Maskani, hema la Mungu, wana wa Merari, ukoo wa Walawi, walikuwa bado wanakula. Pelati, mwendeshaji wa maksai, alimeza tonge lake la mwisho la mana, akajifuta mikono mapajani, akaenda kuwatia maksai wake nira. Tarumbeta za fedha zililia ule mlio wa kukatika-katika ambao maana yake ni safari, na kambi ya Yuda, upande wa mashariki, ikaanza kung'oa mahema.

Makuhani waliingia kwanza kuvifunika vyombo vitakatifu, kwani mtu mwingine akiviona hufa. Walipotoka, wana wa Gershoni walishusha mapazia, wakayakunja upindo kwa upindo, wakayapakia garini. Ndipo ikafika zamu ya wana wa Merari, ambao fungu lao ni vitu vizito. Mataruma, fito za kushikia ukuta, yalichomolewa katika pete zake, mbao za mshita zilizovikwa dhahabu zikalazwa, na mahali zilipokuwa zimesimama vikabaki vitako vya fedha ambavyo ndimi za mbao huchomekwa ndani yake. Vilikaa mchangani kwa safu, kila kimoja kimefuliwa ili kichukuliwe na watu wawili kwa mpiko, mti wa kubebea.

Asaya alikuja akavichukua peke yake. Alikuwa amekwisha kufa kule Libna, kituo kilichotangulia.

Alitokea nyuma ya kambi, kwa njia ileile waliyojia, vumbi jeupe la Libna likiwa nyweleni mwake na sanda ameifunga kiunoni kama mtu wa kazi. Aliinama, akakipakata kitako cha kwanza kifuani, akakipeleka garini, akakilaza polepole juu ya nyasi kavu, akarudi kuchukua cha pili.

"Umechelewa," alisema Pelati. "Au huko ulikolala tarumbeta hazisikiki?"

Asaya alikipakata cha pili. Alipokuwa hai pia alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo hapakuwa na jipya.

Namna alivyokufa ilijulikana na kila mtu. Msimamizi wa kundi lao, Zikri, alikuwa na mtoto wa kaka yake aitwaye Uzieli, ambaye ndiye aliyepangwa kushika ncha ya pili ya mpiko wa Asaya. Uzieli akasema mgongo unamuuma. Zikri akamwambia apumzike, wala hakuweka mtu mwingine, maana Asaya alikuwa na nguvu na hakuwa na ulimi. Vituo vitatu Asaya alivichukua vitako peke yake. Cha nne, pale Libna, alianguka, kitako kimoja kikiwa kifuani. Wenzake walikuja mbio. Walikiinua kitako kwanza, wakakipangusa mchanga, wakahakikisha hakikupata kovu, kisha wakamwinua yeye. Wingu lilikuwa limekwisha kuondoka, kwa hiyo kaburi lilichimbwa kwa haraka, na mjane wake, Atara, alimlilia huku akitembea.

Tangu hapo, kila tarumbeta zilipolia, Asaya alikuja. Alipakia, akatembea kando ya gari, akapakua, akavipanga vitako kwa uzi katika kituo kipya, na mbao ziliposimama juu yake alirudi kwa miguu kaburini mwake Libna.

Na haki isemwe, kazi yake ilikuwa ya kusifiwa. Katika msafara ule wana wa Kohathi huja nyuma, vyombo vitakatifu vikiwa mabegani mwao, kwa kuwa wao hawakupewa gari wala ng'ombe. Hawaruhusiwi kuutua mzigo wao mavumbini. Lazima wafikapo waikute nyumba imekwisha kusimama, ukuta umenyooka, pazia limetundikwa, ili waingie moja kwa moja. Maelfu ya watu, punda, kondoo na watoto wachanga hutembea jangwani pasipo njia, na katikati yao nyumba ya Mungu hubomolewa asubuhi na kujengwa jioni bila kigingi kimoja kupotea. Na kabla Asaya hajafa, mbao hazikupata kusimama vizuri namna ile. Hata uzi wa nuru haukupenya kati ya ubao na ubao.

Safari ileile ya kutoka Risa, walipoingia Kehelatha, Atara alimfuata Zikri penye magari.

"Shemeji, nataka umrudishe Uzieli mpikoni," alisema. "Mume wangu akiona fungu lake lina watu wawili, kama lilivyoamriwa, ataacha kuja. Atalala."

"Uzieli anaumwa mgongo."

"Jana nilimwona akicheza mieleka."

"Mieleka si mgongo, shemeji, ni miguu," alisema Zikri. "Halafu nani kamwita Asaya? Mimi? Mwenyewe kaja. Mtu akiipenda kazi yake, mimi nimkataze?"

Atara alimwonyesha chini. Asaya alipotembea mikono mitupu hakuacha nyayo. Alipokuwa na kitako, nyayo zake zilizama mchangani mpaka kifundoni, na mashimo hayo yalikwenda kutoka gari hadi ukutani, kutoka ukutani hadi gari, yakiwa na kina kimoja yote.

"Tazama mwenyewe," alisema Atara. "Huo ni mzigo wa mtu mmoja?"

Zikri aliangalia kwa makini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi na alijua mizigo. "Mchanga wa hapa ni laini," alisema.

Pelati, aliyekuwa akiwanywesha maksai, alicheka. "Kama ni laini, mbona mimi na tumbo langu hili sijazama?"

"Wewe nyamaza, unyweshe ng'ombe."

Atara alikwenda kwa kuhani aliyekuwa na zamu ya mambo ya unajisi. Alikuwa mzee mpole, mwenye elimu, na alimkaribisha kivulini. Atara alimwambia kwamba maiti anashika vitako vya Maskani, na sheria inasema kigusacho maiti hunajisika. Alidhani hoja hiyo itatosha, na kuhani mwenyewe aliiona ina nguvu. Alifikiri mpaka kivuli kikahama, wakahama nacho.

"Binti yangu," alisema, "maiti ni mtu aliyelala asiamke. Huyu anaamka, anatembea, anajua safu za vitako kuliko sisi. Kwa kazi ya Maskani, basi, si maiti. Vitako ni safi."

"Kama si maiti, baba, basi ni hai. Apunguziwe mzigo kama walio hai."

"Hilo sasa ni la msimamizi. Mimi ni wa unajisi tu."

Atara akarudi kwa Zikri na hukumu hiyo. Zikri aliifurahia sana.

"Kumbe ni hai. Basi afanye kama wenzake: mwenye kuelemewa hunijia akasema, nikampunguzia. Asaya amekuja lini kuniambia?"

"Hata alipokuwa hai hakusema."

"Ndiyo maana nilimpenda," alisema Zikri, naye alisema kweli.

Palikuwa na jambo la mana pia. Asubuhi Atara aliokota pishi moja, ya mtu mmoja, kwa kuwa alikuwa peke yake hemani, lakini kila alipopima kwa pishi alikuta pishi mbili. Aliokota kidogo zaidi, zikawa mbili. Aliokota kiganja kimoja, zikawa mbili. Fungu la pili halikuliwa na mtu, na kesho yake lilitoa mabuu na kunuka, akalitupa nje ya kambi. Habari hizo zilipomfikia Zikri aliinua mikono yake mbinguni. "Unaona? Posho yake inashuka. Na anayepewa posho yuko kazini."

Wingu lilikaa juu ya Kehelatha muda mrefu, hata watoto waliofika pale migongoni mwa mama zao wakaondoka wakikimbia. Miaka ile Asaya alilala. Atara naye alilala, akanenepa kidogo, akajifunza tena kusokota sufu akiimba. Kisha tarumbeta zikalia, wakahamia mlima Sheferi, na toka Sheferi wakahamia Harada, na kila walipohama njia ya kurudi Libna ilizidi urefu. Atara aliijua hesabu hiyo bila kuambiwa na mtu. Ikiwa wingu lingetua kwa siku chache tu, mumewe angefika kaburini, akajinyoosha, akainuka saa hiyohiyo. Msafara ukizidi kwenda mbele, ungefika wakati ambapo asingeweza kufika kabisa.

Tumaini lake lilikuwa sheria ya umri. Mlawi hutumika hata atimize miaka hamsini, kisha huachishwa mizigo. Asaya na Pelati walizaliwa Misri msimu mmoja, mwaka ambao mto ulifurika ukazibomoa tanuri za matofali. Na siku ya kufika Harada, Pelati alitimiza hamsini. Walimvua mjeledi wa maksai kwa heshima, wakamkalisha pamoja na wazee walindao mlango, naye alilia kidogo, akasema ni vumbi.

Atara alisimama mbele ya Zikri siku hiyohiyo, na Pelati alikuja naye kushuhudia.

"Tulizaliwa pamoja, mimi na Asaya," alisema Pelati. "Mama zetu walisaidiana uzazi. Mimi nikiwa mzee, naye ni mzee."

"Wewe umezeeka, ndugu yangu, mvi hizo hapo," alisema Zikri. "Asaya umemtazama? Ndevu zake nyeusi tii. Aliishia arubaini na saba pale Libna. Mtu aliyekufa haongezi umri. Nimwachisheje kazi kijana?"

"Kuhani alisema ni hai," alisema Atara.

"Kwa kazi, shemeji. Hakusema kwa umri."

Mjeledi wa Pelati alipewa Uzieli, kwa kuwa kuendesha gari ni kazi ya kukaa na mgongo wake ulikuwa haujapona.

Jioni ile Maskani ilisimama Harada kama ilivyosimama kila mahali, imenyooka, na mwanga wa mwisho wa jua uliteleza juu ya mapazia ya ua. Wana wa Kohathi walifika wakiimba, na Sanduku likaingia bila kusita mlangoni. Watu walitazama kwa kicho. Atara naye alitazama, akaona kuwa ni kitu kizuri kuliko vyote alivyopata kuviona, na aliijua mikono iliyokisimamisha.

Asaya alijipangusa, akashika njia ya Libna. Atara alimsindikiza. Walikwenda, mke na mume, mpaka taa za kambi zikawa ndogo, na walikuwa bado wanakwenda kulipopambazuka na wingu likainuka. Mara nyingine lilikaa miaka, mara nyingine usiku mmoja tu. Tarumbeta zikalia nyuma yao.

Asaya alisimama. Akageuka. Fundo la sanda kiunoni lilikuwa limelegea kwa mwendo, na Atara alipiga goti, akalifungua, akalifunga upya kwa mikono yake miwili, likakaza. Kisha wakarudi pamoja.

Pembeni mwa kambi walikutana na yule kuhani mpole, ambaye aliiona mikono ya Atara ikiwa na vumbi jeupe. Kwa upole alimwambia asiingie. Amegusa maiti, akae nje siku saba.

Atara aliketi palepale chini, nje ya mpaka. Uzieli alikuwa amekwisha kupanda garini, mjeledi mkononi. Asaya aliwapita Atara na kuhani, akaenda kuinama kwenye safu ya kwanza ya vitako.