Chumba cha Watu Wawili

Nesi wa kliniki ya watoto alimwapia kabisa: "Nenda, mama. Mle chumbani ni wewe na mwanasaikolojia tu, na likisemwa humo linazikwa humo."

Fundi wa nguo akaamini. Angefanyaje, na maji yalishafika shingoni? Tangu ajifungue, kila akishika mkasi alikiona kitu ambacho mama hapaswi kukiona: mkono wake mwenyewe ukimgeukia mtoto. Hakuwahi kumgusa vibaya hata kwa ukucha, lakini picha ile ilikuwa kama nzi, ukiifukuza inarudi. Cherehani ameifunika shuka, wateja wamenuna, na nyumbani hajathubutu kufungua mdomo. Mama mkwe wake anamjua alivyo. Neno hilo likimfikia tu, mtoto atachukuliwa kabla jua halijazama, na yeye ataitwa mwendawazimu mpaka anaingia kaburini.

Basi akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akaaga kwamba anampelekea mteja gauni, akaja kwenye kituo cha afya ya akili cha hospitali. Zamu yake ilipofika akaingia. Msimamizi, mwanasaikolojia mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akamwonyesha kiti. Ndipo alipoviona viti vingine, vimepangwa ukutani, na vijana watano wamevikalia, kalamu mkononi, makoti yao meupe bado yana mikunjo ya dukani.

"Usiwajali," Msimamizi akasema. "Ni wanafunzi wa chuo, wako kwenye mafunzo kwa vitendo. Wachukulie kama makabati tu. Haya, tuambie, nini kinakusumbua?"

Makabati! Fundi akayapitishia macho makabati yale moja moja. La mwisho lilikuwa limeinama hata kidevu kinagusa kifua. Lakini kichwa kile angekosaje kukijua, na nywele zile alizisuka yeye mwenyewe Jumapili? Alikuwa wifi yake, kitinda mimba wa nyumba ya mumewe. Wote nyumbani walijua kwamba binti anafanya mafunzo hospitali. Hospitali ipi, nani aliuliza?



"Mwalimu," wifi akasema, "huyu ni ndugu yangu. Ulitufundisha kwamba tukimjua mgonjwa, tutoke."

"Ukitoka, saa zako za leo sitaziwekea sahihi. Mnataka kuchagua wagonjwa kama nyanya sokoni! Kaa."

Wifi akakaa.

Hapo ndipo damu ilipomchemka fundi. Binti mdogo amelijua lililo haki, amelisema, na mtu mzima mwenye dhamana amelikanyaga kama kisigino kinavyokanyaga mende.

"Baba, nani aliniuliza?" akasema.

"Kuuliza nini?"

"Kama nataka kusikilizwa na watu sita."

"Mama, hiki ni kituo cha mafunzo. Imeandikwa pale getini. Ukishaingia, umekubali. Hawa wasipojifunza kwako, kesho nani atawatibu wajukuu zako?"

"Wajifunze, sijakataa. Lakini hata anayetaka kuchungulia chungu cha jirani hupiga hodi kwanza."

"Kama hutaki, nje kuna foleni ya wanaotaka."

"Haya. Ngoja nikaitazame hiyo foleni."

Akatoka. Hakwenda nyumbani, akajibwaga kwenye benchi la ujia, katikati ya wenzake waliokuwa wakisubiri. "Sitoki hapa mpaka nisikilizwe na mtu mmoja," akatangaza. "Mle ndani wako sita, na siri yangu ni moja."

Mzee mmoja, ambaye kituo kizima kilimwita Redio kwa kuwa hazimiki, akamgeukia. "Wale vijana si madaktari?"

"Wanafunzi, baba."

"Lo! Siku zote hizi najiona mtu mkubwa, nadhani ugonjwa wangu umeundiwa kamati!"

Benchi likacheka. Kisha kicheko kikamfia mzee mwenyewe. "Nimewaeleza habari za ndoa yangu mimi. Za chumbani. Mmoja wao nakutana naye dukani, nikimsalimia anajifanya anasoma pakiti ya sukari."

Mama mwenye kilemba akasema naye hakuulizwa. Kijana wa kuuza simu akasema aliuliza, akaambiwa asipoteze muda wa wataalamu. Benchi likawaka kutoka mwisho hadi mwisho. Msimamizi alipotoa kichwa mlangoni na kuita, "Anayefuata!" hakuinuka mtu.

"Anayefuata ni huyu," Redio akasema, kidole kwa fundi. "Na anaingia peke yake. Sisi tutangoja, wazimu wetu hauozi."

Msimamizi akavaa miwani, akaivua. Alitazama benchi kama anayetafuta mmoja wa kumtisha, asimpate. Mwishowe akawaambia wanafunzi watoke. Wifi alitoka wa mwisho.

"Wifi, sijaona kitu," akanong'ona.

"Umeniona nimevuka mlango huu. Kwa mama yako hilo tu linatosha kunitenga na mwanangu."

"Mama hatalisikia kwangu, hata nife."

"Usife. Nyamaza tu."

Fundi akaingia, akaufunga mlango mwenyewe, akakivuta kitasa kuona kama kimeshika. Msimamizi alikuwa ameshachukua kalamu.

"Haya mama, tumeshapoteza muda mwingi..."

"Nani kaupoteza?"

Fundi akafungua mbeleko, akamteremsha mtoto, akamtia mikononi mwa yule bwana bila kumwomba ruhusa. Kalamu ikabingirika chini ya meza.

"Mshike. Nitasema yote, na nikimaliza utaniambia, ukinitazama machoni, kama nimpokee au nisimpokee."

Msimamizi alimkumbatia mtoto kama tikiti lililolowa, akiogopa lisimponyoke. Mtoto akapiga chafya, akaendelea kulala.

"Nikishika mkasi," fundi akaanza, hasira bado iko kooni, "nauona mkono wangu ukimgeukia huyo."