Muuguzi wa Ng'ambo ya Daraja

Wivu ulimwingia seremala kupitia simu ya mkewe. Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, simu ililia, na mkewe, muuguzi wa zahanati ya mpakani, aliipokea uso umechanua. Kipindupindu kilikuwa kimezuka pande zote mbili za mto, na nchi mbili zinazotenganishwa na mto huo zilikubaliana wauguzi wapeane habari kila siku: nani kaugua, kavukia wapi, kisima kipi kitiwe dawa.

"Habari za kuhara ndizo zinakuchekesha hivyo?" seremala aliuliza.

"Baba watoto, kazi hii usipocheka utalia." Akachukua mkoba, akatoka.

Dalili ya mvua ni mawingu. Seremala aliacha randa juu ya ubao, akamfuata mpaka hema la wagonjwa pale darajani. Njia nzima aliomba huyo muuguzi wa ng'ambo awe mzee mwenye kitambi. Alimkuta kijana mrefu, meno meupe, shati limenyooka kama la bwana harusi. Moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili.

Kabla hajafungua mdomo, kijana akapaza sauti: "Shemeji! Wewe ndiye fundi wa lile kabati lililogoma kupita mlangoni? Dada amenivunja mbavu nalo!"

Kumbe kicheko cha asubuhi kilikuwa cha kumcheka yeye! Hakujua afurahi au akasirike, akaamua kukasirika. Mkewe aliinamisha uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Lakini nyuma yao wagonjwa walilala chini, wawili wawili kwenye mkeka. Bibi mmoja alijaribu kuinuka, akashindwa, akajichafua, akajifunika uso kwa aibu.

"Tunahitaji vitanda vyenye tundu katikati, ndoo ikae chini," kijana alisema, sasa bila utani. "Kwetu mbao zipo. Fundi hatuna."

Seremala alitamani kukataa. Akamtazama tena yule bibi.

"Tundu la upana gani?"

Mbao zikavuka daraja, vitanda vikagawanywa pande zote mbili. Ugonjwa ulipokwisha, kijana alikuja kuaga. Alimshika mama watoto mkono muda mrefu kuliko seremala alivyopenda.

Seremala akakohoa. "Shemeji, kwenu hakuna wasichana?"

"Wapo tele."

"Basi oa upesi. Kitanda nitakuchongea bure, tena kisicho na tundu."