Ntheo kwa Gari la Stima

Nzomo alikataa katakata kupanda lori langu.

"Ephantus, nifike kwa wakwe nikinuka petroli? Mbuzi zangu zinaenda na stima."

Tulikuwa madereva wa maziwa kwenye shamba moja Ruiru. Mimi niliendesha lori kuukuu la petroli, lililokohoa hata likiwa na afya. Yeye, mwaka ule wa 1958, alikuwa amepewa gari jipya la betri, linalochajiwa kwa stima. Lilipeleka maziwa alfajiri bila kuamsha hata mtoto mchanga, na Nzomo akawa anatembea kama yeye ndiye aliyevumbua radi.

Jumamosi hiyo alikuwa anapeleka ntheo, mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba hajaoa, hata awe na watoto kumi. Mzee Wambua, babake Mbula mchumba wake, aliishi ng'ambo ya Thika, na maneno yake yalikuwa machache: "Umeniahirishia mara mbili. Jumamosi jua likizama kabla sijaona mbuzi, Mbula anaenda kwa mjomba wake Kitui."

Mimi nikabeba shangazi yake Ndila, akina mama na sukari. Nzomo akabeba mbuzi. Lakini kabla ya kutoka, si aliwazungusha wasichana wote wa kambi yetu ya shambani, mmoja baada ya mwingine, ili waonje stima!

Tulipita Thika, tukapita mashamba ya mkonge, na kwenye mlima wa kwanza tukamkuta Nzomo, aliyetutangulia. Gari lilikuwa kimya kama kawaida yake, ila sasa halikuwa linaenda.

"Limezima?" nikauliza.

"Limepumzika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lichajiwe."

Nguzo ya stima ya mwisho tulikuwa tumeiacha mjini.

"Limwagie petroli kidogo," Ndila akashauri.

"Halinywi petroli, shangazi."

"Basi linakula nini? Mkonge?"

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Nzomo hakucheka. Alikuwa anatazama jua. "Nitampoteza Mbula," akasema.

Tukapandisha mbuzi kwenye lori.

"Nawe kaa hapa mbele," nikamwambia.

"Niache gari la watu barabarani? Nivute."

Nikamfunga kwa kamba, nikamvuta. Vumbi lote lililoachwa na magurudumu yangu alilipokea yeye.

Mzee Wambua alitusikia tukiwa bado bondeni, akatoka kutungoja uani, jua likiwa limegusa vilima. Nzomo akashuka, mwekundu kwa vumbi toka nywele hadi viatu. Mzee akawatazama mbuzi, akamtazama yeye.

"Huyu ndiye bwana arusi, au ni mbuzi wa nne?"

Mbula, mlangoni, aliangua kicheko, akakimbilia maji.

"Na hilo lililovutwa ni bovu?"

"Si bovu, mzee," nikamjibu mimi. "Kule Ruiru, kwa maziwa ya alfajiri, lori langu haliliwezi. Lakini huku kwenye milima isiyo na stima, mtahitaji huyu bibi anayekohoa."

Mzee akamshika pembe mbuzi wa kwanza, akampapasa mgongo, akageukia vijana wake.

"Haya, wapelekeni zizini. Wamefika."

Ndila akapiga kigelegele, wenzake wakadakia, nami nikasahau kabisa kuzima injini.